48,000 au 44,100: Sauti Inavyogeuka Njiani Kutoka Nainokanoka

Ukivuka lango la Loduare ukashika barabara ya ukingo wa mashariki wa kreta ya Ngorongoro, utafika Nainokanoka, kijiji cha wafugaji wa Kimaasai kilicho chini ya Olmoti, mahali pa baridi na ukungu mwingi. Kwaya ya huku ikitaka kutoa wimbo wa video, safari yake ina hatua mbili. Sauti inarekodiwa studio, Karatu au Arusha. Picha zinapigwa nyumbani, waimbaji wakifuatisha wimbo unaotoka kwenye spika, na nyasi za Olmoti nyuma yao. Kisha vitu hivyo viwili vinakutanishwa kwenye kompyuta ya mhariri: faili la studio lenye sampuli 44,100 kwa sekunde, na faili la kamera lenye sampuli 48,000.

Mara nyingi hakuna anayegundua lolote, kwa sababu programu ya uhariri inageuza kimyakimya. Isipogeuza, wimbo wa dakika nne na nusu unakwisha kwa dakika nne na sekunde nane. Midomo inaachwa nyuma, sauti za besi zinakuwa nyembamba, na mwalimu wa kwaya anaulizwa kwa nini amebadilisha ufunguo. Prodyuza anailaumu kamera, mpiga video anailaumu studio, na wote wawili wanaweza kuapa kwamba vifaa vyao ni vizima. Na ni kweli, ni vizima.

Kisa hiki ni kidogo, lakini kinagusa swali kubwa la sauti ya kidijitali, ambalo linawahusu kwa usawa mafundi wa redio, watafiti wa wanyama, watunza kumbukumbu na wanaojenga programu za kutambua matamshi. Sauti haiingii kwenye kompyuta ikiwa nzima. Kadi ya sauti hupima umeme unaotoka kwenye maiki mara maelfu kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kama namba. Hiyo ndiyo sampuli. Namba zenyewe hazisemi zilichukuliwa kwa mwendo gani. Mwendo huo, yaani kiwango cha sampuli, huandikwa pembeni. Katika faili la kawaida la WAV umeandikwa kwenye baiti nne tu, ya 25 hadi ya 28 tangu mwanzo wa faili. Kwa 44,100 baiti hizo husomeka 44 AC 00 00. Kwa 48,000 husomeka 80 BB 00 00. Mtu mwenye programu ya kuhariri baiti akibadilisha hizo nne, bila kugusa sampuli hata moja, wimbo mzima unapanda au unashuka.

Ni sawa na watu wawili waliopatana vipimo kumi vya mahindi bila kuulizana kama ni pishi au debe.

Hesabu yake ni rahisi. 48,000 imeizidi 44,100 kwa karibu asilimia 8.8. Faili la 44,100 likichezwa kana kwamba ni la 48,000, saa nzima inabaki dakika 55 na sekunde saba, na kila noti inapanda karibu robo tatu ya toni. Kinyume chake, saa moja inavutwa hadi dakika 65 na sekunde 18, na sauti inakuwa nzito na ya kujikokota. Robo tatu ya toni ni ya hila kuliko kosa la wazi. Haitoshi kumgeuza mzee awe mtoto, ila inatosha kumfanya awe mtu mwingine.

Kwa nini dunia ina viwango viwili vinavyokaribiana hivi badala ya kimoja? Nadharia haiwezi kulaumiwa. Harry Nyquist mwaka 1928 na Claude Shannon mwaka 1949 waliweka wazi kwamba ili kuhifadhi sauti yenye mtetemo fulani, unahitaji sampuli zaidi ya maradufu ya mtetemo huo. Sikio la binadamu linafikia mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, yaani hezi 20,000, kwa hiyo chochote kinachozidi 40,000 kwa kiasi cha kutosha kingefaa. Namba ya 44,100 ilitoka kwenye mitambo ya video. Mwishoni mwa miaka ya 1970 vifaa vilivyoweza kubeba data nyingi za sauti vilikuwa rekoda za kanda za televisheni, na sampuli tatu zilipangwa katika kila mstari wa picha: mistari 294 mara 3 mara 50 kwa mfumo uliotumika Ulaya, au 245 mara 3 mara 60 kwa ule wa Marekani na Japani. Zote mbili zinaleta 44,100. Philips na Sony walipoingiza CD sokoni mwaka 1982, namba hiyo ikawa sheria ya muziki.

Watu wa picha walikuwa na haja nyingine. Televisheni ya picha 25 kwa sekunde ikigawiwa sampuli 48,000 inapata 1,920 kwa kila picha. Filamu ya picha 24 inapata 2,000 kamili. Kwa 44,100, filamu hiyo ingepata 1,837 na nusu, na nusu ya sampuli haipo. Muziki ukashika njia yake, picha ikashika yake. Tangu hapo kila kifaa kinachochanganya vyote viwili kinalazimika kuwa mkalimani.

Kompyuta zilirithi mgawanyiko huo na kuuficha. Mwaka 1997 Intel ilitoa kanuni za AC'97 kwa ajili ya sauti za kompyuta, na chipu nyingi zilizozifuata zilifanya kazi ndani kwa 48,000 tu. Kadi maarufu ya Sound Blaster Live! ya mwaka uliofuata nayo ilikuwa hivyohivyo: CD ya 44,100 ukiicheza, ilikokotolewa upya kabla haijafika kwenye spika, utake usitake. Windows tangu Vista inachanganya sauti za programu zote kwa kiwango kimoja kilichowekwa kwenye kifaa. Programu inayotaka kukwepa lazima iombe kukimiliki kifaa peke yake. Upande wa Linux, programu ya sauti ya PulseAudio ilianza na 44,100 kama chaguo lake la kawaida, PipeWire iliyoirithi ikaja na 48,000. Ilipotoka iPhone 6s mwaka 2015, spika yake ilifanya kazi kwa 48,000, na programu ambazo waandishi wake walidhani kila simu ya Apple ni 44,100 zikaanza kutoa sauti iliyopasuka.

Neno la kuzingatia hapo ni "walidhani". Mnyororo wa sauti ambamo kila kifaa kinatangaza kiwango chake, na kimoja kikapewa kazi ya kugeuza, hauna tatizo. Tatizo huzaliwa pale programu inapokisia. Na ubaya wa kukisia ni kwamba mara nyingi mkisiaji hupatia, kwa hiyo kosa linakaa miaka bila kuonekana hadi mtu achomeke kifaa kingine.

Mafundi wengi hutupa kila shida ya aina hii kwenye kapu moja, "sauti haziendani", ilhali ndani yake kuna maradhi tofauti yenye dawa tofauti. Ya kwanza ni hayo ya lebo iliyosomwa vibaya: sampuli ni nzima, namba ya pembeni ni ya uongo. Dawa yake ni kurekebisha lebo tu. Programu ya bure ya Audacity, inayotumika sana kwa sababu haina gharama na haihitaji kompyuta yenye nguvu, ina amri mbili ambazo wanaoanza huzichanganya. Moja, kwenye menyu ya wimbo wenyewe, hubadilisha lebo na kuacha sampuli zilivyo. Nyingine hukokotoa sampuli mpya ili sauti ibaki ileile kwa kiwango kipya. Ukitumia ya pili kutibu lebo ya uongo, unapata faili jipya lenye kosa lilelile, safari hii likiwa limeokwa ndani. Ukitumia ya kwanza pale ilipohitajika ya pili, umelitengeneza kosa wewe mwenyewe.

Maradhi ya pili ni ugeuzaji mbovu. Kutoka 44,100 kwenda 48,000 uwiano ni 147 kwa 160. Hakuna njia ya mkato, kwa kuwa karibu kila sampuli mpya inaangukia katikati ya za zamani na lazima ikadiriwe kwa hesabu. Kikokotozi kizuri hufanya hivyo bila sikio kugundua. Kibovu huunganisha nukta kwa mstari ulionyooka na kuacha mikwaruzo ya juu. Kushuka kuna hatari zaidi. Chukua sauti ya hezi 5,000 iliyorekodiwa kwa 16,000, kisha ipunguze kuwa 8,000 kwa kuruka sampuli moja moja bila kuichuja kwanza: haitatoweka, itajitokeza kama sauti ya hezi 3,000 ambayo hakuna mtu aliyeitoa. Kichujio cha kabla ya kushuka si pambo.

Kushuka hadi 8,000, kiwango cha simu ya kawaida, kuna gharama hata kukifanywa kwa ustadi. Chochote kilicho juu ya hezi 4,000 kinakatwa, na humo ndimo inamoishi sehemu kubwa ya "s". Ndiyo maana mtu akitaja jina kwa simu huulizwa kama amesema "s" au "f". Kwa Kihadzabe, lugha ya jirani kando ya Ziwa Eyasi wilayani Karatu, hasara ni kubwa zaidi: vidoko vyake ni milipuko mifupi yenye nguvu nyingi katika mitetemo ya juu, na rekodi ya kiwango cha simu inafuta sehemu ya kile kinachotenganisha kidoko kimoja na kingine. Anayerekodi lugha hiyo kwa setingi ya "kuokoa nafasi" anapoteza kile alichokwenda kukitafuta.

Watumiaji wa hedifoni za Bluetooth wanalijua jambo hili kwa masikio, hata kama hawajui chanzo. Muziki unasikika vizuri; mara mkutano wa mtandaoni unaanza, maiki inawashwa, na kila kitu kinageuka kuwa simu ya zamani. Hedifoni haijaharibika. Bluetooth ya kawaida hutumia njia moja kwa muziki, kwa 44,100 au 48,000, na nyingine kwa mazungumzo ya pande mbili, kwa 8,000 au 16,000. Maiki ya hedifoni ikishaitwa kazini, vyote vinahamia njia ya pili. Dawa ni kuchagua maiki ya kompyuta au simu yenyewe, na kuiachia hedifoni kazi ya kusikiliza tu.

Maradhi ya tatu ndiyo yanayowasumbua zaidi wapiga video wa harusi na ibada, kwa sababu hapa lebo zote ni sahihi. Kamera inasema 48,000, rekoda ya sauti inasema 48,000, na baada ya saa moja zimeachana. Kila kifaa kinahesabu kwa kioo chake cha kwatzi, na hakuna kwatzi mbili zinazotetema sawasawa. Tofauti ya sehemu 50 katika milioni, ambayo ni ya kawaida kwa vifaa vya bei ya wastani, ni sekunde 0.18 kwa saa, yaani zaidi ya picha nne za video. Ibada ya saa tatu inafikisha zaidi ya nusu sekunde. Mhubiri anafunga mdomo na neno linafuata. Joto nalo linachangia, kwa kuwa mtetemo wa kwatzi hubadilika kidogo kulingana nalo. Rekoda iliyolala kwenye baridi ya alfajiri ya Nainokanoka na kamera iliyotoka ndani ya gari lenye joto hazianzi kazi zikiwa katika hali moja. Studio kubwa hutatua hili kwa kuviunganisha vifaa vyote kwenye saa moja. Asiye na uwezo huo apige makofi mbele ya kamera mwanzoni na mwishoni mwa tukio, kisha wakati wa kuhariri avute sauti kidogo hadi makofi yote mawili yalingane. Kulinganisha mwanzo peke yake hakusaidii kitu.

Nje ya studio, kosa la kiwango linaweza kuharibu ushahidi. Karen McComb, Craig Packer na Anne Pusey walichapisha mwaka 1994 utafiti uliofanywa Serengeti, ambamo simba jike walichezewa kwenye spika ngurumo za simba wageni, mmoja au watatu kwa pamoja, ili kuona kama wanahesabu idadi ya wavamizi kabla ya kuwakabili. Miaka ishirini baadaye, McComb na wenzake walionyesha huko Amboseli kwamba tembo hutofautisha sauti za wanaume wa Kimaasai na za wanaume wa Kikamba, na huchukua tahadhari zaidi wakisikia za wanaume wa Kimaasai kuliko za wanawake au watoto wa kabila hilohilo. Utafiti wa namna hii wote unasimama juu ya uaminifu wa spika. Sauti ya mtu ikichezwa kwa kiwango kilichozidi chake haipandi noti tu. Miangwi ya koo na kinywa nayo inapanda kwa uwiano uleule, kana kwamba mwili uliotoa sauti ni mdogo zaidi. Mtafiti ambaye kompyuta yake imekosea lebo angekuwa anampima tembo kwa mtu asiyekuwepo.

Hata hivyo kuna wanaofanya kosa hilohilo kwa makusudi na kupata elimu. Mwaka 1984 Katy Payne alihisi mtetemo angani akiwa karibu na tembo wa bustani ya wanyama ya Portland, Oregon. Alirekodi, akacheza kanda kwa kasi zaidi ya ile iliyorekodiwa, na ngurumo zilizokuwa chini ya uwezo wa sikio la binadamu zikasikika. Watafiti wa popo hufanya kinyume: wanarekodi kwa sampuli 256,000 au 384,000 kwa sekunde na kuzicheza mara kumi polepole. Tofauti kati ya watu hawa na mhariri wa Karatu ni moja. Wao wanajua wamezidisha au kugawanya kwa ngapi, na wameandika.

Kutoandika ndiko kunakoumiza zaidi kwenye kumbukumbu. Tatizo lilikuwepo kabla ya kompyuta. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi taarabu, sahani za enzi hiyo zilihesabiwa kuwa za mizunguko 78 kwa dakika, lakini mashine za kurekodia hazikuwa zikizunguka hivyo siku zote. Kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam, zilizobeba NUTA Jazz, Morogoro Jazz na bendi nyingine nyingi, zilikuwa na mwendo wao, na rekoda ya safari yenye betri dhaifu iliandika polepole kiasi kwamba mashine nzima ikiicheza sauti inakimbia. Anayezihamishia leo kwenye kompyuta anabeba kosa la kanda, kisha anaweza kuongeza la kwake: kadi ya sauti kwa 44,100, lebo ya faili 48,000, na hakuna atakayejua kama ule wembamba wa sauti ulikuwa wa mwimbaji, wa kanda au wa kompyuta.

Hugh Tracey, aliyezunguka Tanganyika akirekodi mwaka 1950, alikuwa na kinga. Alibeba uma za kupimia sauti na kuandika mitetemo ya vyombo alivyovikuta. Mtu akiwa na namba hizo anaweza kuipima rekodi hata leo na kujua kama imekimbia. Waimbaji wa Kimaasai mara nyingi hawana chombo chenye noti zisizobadilika cha kumsaidia mtunza kumbukumbu. Olaranyani, yaani kiongozi wa wimbo, anaanzisha kwa ufunguo alioamka nao, na ngurumo ya wanaume chini yake ndiyo inayofuata. Rekodi yao ikipandishwa robo tatu ya toni, hakuna kitu ndani yake cha kuishtaki isipokuwa kumbukumbu ya waliokuwepo. Na waliokuwepo wanatawanyika: tangu mwaka 2022 kaya kutoka Ngorongoro zimehamia Msomera, wilayani Handeni, na nyimbo na salamu sasa zinasafiri kwa simu.

Safari hiyo ya simu ina jambo la kutia moyo. Sauti za WhatsApp hufungwa kwa Opus, mfumo uliopitishwa rasmi mwaka 2012, ambao unakubali 8,000, 12,000, 16,000, 24,000 na 48,000. 44,100 haimo. Waliounda mfumo huo waliamua kwamba familia moja ya namba zinazogawanyika bila masalio inatosha.

Wenye programu za kutambua matamshi wamechagua familia hiyohiyo. Whisper ya OpenAI, iliyotolewa mwaka 2022 na inayoelewa Kiswahili, husikiliza kwa 16,000. Mwanafunzi akiipa sampuli za 48,000 moja kwa moja bila kuzigeuza, kila sekunde inakuwa tatu, msemaji anajikokota, na programu inaandika maneno ambayo hayakusemwa. Mkosaji anaweza kuondoka akiamini kwamba programu haijui Kiswahili. Kwa lugha zenye rekodi chache, Kimaasai na Kihadzabe zikiwemo, faili mia moja zenye lebo ya uongo si uchafu mdogo unaomezwa na wingi. Zinaweza kuwa sehemu kubwa ya vyote vilivyopo.

Kwa uzito wa hoja hizi, 44,100 imemaliza kazi yake. Ilikuwa namba ya CD, na kwaya za Ngorongoro hazitoi CD tena. Zinatoa video, zinapakia mtandaoni, zinatumiana kwa simu. Studio inayorekodi wimbo utakaokwenda kwenye picha haina sababu ya kuanza kwa 44,100 kisha kumwachia mtu mwingine kazi ya kugeuza. Viwango vya 96,000 na zaidi navyo havimsaidii mwimbaji. Vinajaza diski, na mfumo wa MP3 hauvijui kabisa, kwani mwisho wake ni 48,000. Basi na iwe 48,000 kwenye kamera, kwenye rekoda, kwenye programu ya studio na kwenye setingi za sauti za kompyuta yenyewe, ambazo ndizo husahaulika zaidi.

Na kwa yeyote anayekwenda kurekodi wazee, iwe Nainokanoka, kando ya Ziwa Eyasi au kwingineko: kabla ya salamu, cheza sekunde kumi za mlio wa hezi 440 mbele ya maiki, kisha taja kwa sauti tarehe, mahali na kiwango ulichoweka. Atakayelifungua faili hilo miaka thelathini ijayo aupime mlio kwanza. Akikuta 479, faili linakimbia. Akikuta 404, linajikokota. Akikuta 440, aendelee kusikiliza.